Mwana wa

Ulikuja Tukuyu ndani ya kopo la dawa ya kikohozi,
umeviringwa pamba, katikati ya vifungo vya kanzu
na funguo za milango ambayo misheni ilishaibomoa.
Jiwe jeusi, refu kama fundo la kidole,
limetobolewa kati kwa kati kama ushanga wa jitu.
Mzee Anyelwisye wa stoo alidhani ni kipande cha mizani.
"Andika chochote," aliniambia, "ilimradi orodha iishe."

Nikatia mate kwenye kitambaa,
nikafuta,
na mbuzi akanitazama.

Chumba changu kiko juu ya duka la pembejeo.
Ukungu wa Rungwe huingia bila hodi,
hukaa kwenye lenzi kama mgeni asiyejua kuaga.
Kinu cha kuzungushia nimekiunda kwa beringi ya baiskeli
na mfuniko wa sufuria, nyuzi nimezichora kwa kalamu:
kumi, picha. Ishirini, picha.
Picha thelathini na sita, jiwe limejizunguka.
Umeme ukikatika kwenye mia tatu na kumi
naanza upya, maana taa ya simu ina kivuli kingine,
na kivuli ndicho ninachokusanya.

Kompyuta hulikunjua jiwe kama mkeka.
Mtu ameinua mkono mbele ya mwingine aliyeketi.
Mwezi mwandamo. Mbuzi, kwato mbili hewani.
Na safu mbili za alama, nyayo za kuku kwenye tope,
zote kinyume:
aliyechonga aliandikia udongo,
macho yangu hakuyafikiria.

Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa.
Muhuri wake wa mpira ulikaa mfuko wa shati
hata kanisani. Utotoni nilizisoma herufi zake
jinsi zilivyo, nikadhani ni Kijerumani.
Watu walikuja usiku na karatasi zao,
ya mkopo, ya shule, ya kuhamisha ng'ombe,
naye aliuhemea mpira kwanza, haa,
kuuamsha wino, ndipo akagonga.
Bila muhuri, alisema, maneno yako ni mvua ya jana.
Chama kilikuja kuuchukua kabla hatujaanua tanga.
Walisaini kwenye daftari. Daftari lilihitaji muhuri.
Wakautumia uleule.

Nilituma picha kwa Nahrin, msomaji wa alama hizi, Mosul.
Siku ya tisa akajibu:
*Safu ya kwanza ni jina, limelika lote.
Ya pili inaanza "mwana wa", kisha ufa.
Alikuwa mpimaji wa shayiri, labda. Labda tu.
Huko kwenu kunanyesha? Mto wetu mwaka huu
watoto wanauvuka kwa miguu.*
Mto wao ni Hidekeli. Nilijifunza kuutamka
shule ya Jumapili, na senti ya sadaka mkononi,
sikujua kama una watoto.

Nikamjibu: kunanyesha tangu Novemba.
Nikaona haya kidogo.

Fomu ina kisanduku, MMILIKI.
Haipokei utupu. Ukiandika "hajulikani"
inakuuliza hajulikani yupi, inakupa namba.
Nikaandika: mwana wa
Ikapokea.

Jumamosi nikaagiza udongo wa Ikombe.
Mama Sekela, mfinyanzi, alicheka kwenye simu:
"Kilo moja? Unamfinyangia nani chungu, siafu?"
Nikaukanda, nikaulaza juu ya karatasi ya nailoni.
Nikalihemea jiwe. Sijui kwa nini; halina wino.
Nikalibingirisha.

Mbuzi akatoka ameelekea upande wake wa haki,
akatoka tena,
akatoka tena, hadi udongo ukaisha,
na yule mtu kila mara mkono juu,
bado hajajibiwa.

Ukingoni dole gumba langu lilikuwa limezama.
Nilitaka kulisawazisha kwa kijiko.
Nikapiga picha kwanza. Ni ya thelathini na saba,
ile ambayo Mzee Anyelwisye anaiulizia:
hii nayo ni ya nani?